Gemu Mpya na Filamu ya Gemu: Kila Moja na Mizani Yake

Msomaji mmoja ameniandikia hivi: "Kaka, wikendi nzima nimeimaliza kwenye gemu mpya, kisha nikatazama filamu iliyotokana na gemu nyingine. Nataka kuandika uhakiki wa zote mbili. Tatizo ni kwamba kila nikianza najikuta nasema 'michoro ni kali' au 'filamu haijafuata gemu', halafu maneno yananiishia. Naanzia wapi?"

Ndugu yangu, umefanya vizuri kuuliza. Wako wanaoandika uhakiki miaka na miaka bila kujiuliza hilo, na ndio haohao wanaotuambia wengine kwamba tumehongwa kila tunapotofautiana nao. Wahenga walishasema kipya kinyemi ingawa kidonda. Kazi ya mhakiki ni kukikagua hicho kidonda wakati wenzake bado wanashangilia upya.

Sasa, hizo hukumu zako mbili ndizo za kivivu kuliko zote, na ubovu wake unafanana. "Michoro ni kali" inaipima gemu kana kwamba ni filamu. "Haijafuata gemu" inaipima filamu kana kwamba ni gemu. Ukaguzi wa fani na maudhui tuliofundishwa shuleni kwa riwaya na tamthilia unaifaa filamu bila shida. Kwa gemu unapungukiwa, kwa sababu msomaji wa riwaya hafi ukurasa wa 40 akarudishwa ukurasa wa 31. Gemu hupimwa kwa kile inachoitaka mikono yako ifanye, tena na tena, kwa saa nyingi. Filamu hupimwa kwa kile inachokufanyia wewe uliyekaa kitako bila kitufe chochote mkononi. Yote yanayofuata yanatoka hapo.

Kabla hujagusa pedi ya kuchezea

Andika vitu vinne: mashine unayochezea, namba ya toleo la gemu (mara nyingi iko pembeni mwa menyu kuu), hali ya picha uliyoichagua (ya ubora au ya kasi), na kama umeunganishwa na intaneti. Bila hivyo uhakiki wako hauna pa kusimama. Cyberpunk 2077 ilitoka tarehe 10 Desemba 2020. Nakala za mapema walizopewa wahakiki zilikuwa za kompyuta, na wengi wakaisifu. Wenye PlayStation 4 na Xbox One wakafungua kitu kinachokwama na kujizima ovyo. Kabla siku 10 hazijatimia Sony ikaiondoa kwenye duka lake la mtandaoni, ikarudi Juni 2021. Septemba 2023 likaja toleo la 2.0 lililofumua mfumo wa ujuzi wa mhusika na namna polisi wanavyokufuata. Anayesema gemu hiyo ni mbovu na anayesema ni tamu wanaweza wote kuwa wakweli, ila kila mmoja ataje alicheza lini na kwenye mashine ipi.

Mkasa huo una funzo jingine. Ukiona kampuni imetoa nakala za mapema za mashine moja tu wakati gemu itauzwa kwenye mashine tatu, au imewazuia wahakiki wasichapishe hadi saa ileile ya mauzo, au imewakataza kuonyesha video walizorekodi wenyewe, tulia kwanza. Huo si ushahidi kwamba gemu ni mbovu. Ni sababu ya kusubiri siku chache usome walionunua kwa fedha zao.

Kama unanunua kupitia Steam, duka la mtandaoni la gemu za kompyuta, utaratibu wao wa kurudisha fedha ni siku 14 tangu ununue na uwe umecheza chini ya saa 2. Zingatia kwamba saa hizo huhesabika hata pale gemu inapokuwa bado inajiandaa. The Last of Us Part I ilipofika kwenye kompyuta Machi 2023, maandalizi ya mwanzo kwa baadhi ya wachezaji yalikula sehemu kubwa ya muda huo kabla hawajapiga hatua ya kwanza. Kwa hiyo zigawe saa 2 zako: dakika 15 za mipangilio, saa 1 ya kucheza kama mtu yeyote, dakika 25 za kuijaribu kwa makusudi kwa njia nitakazozieleza, na dakika 20 zibaki akiba usizozigusa.

Halafu televisheni. Nyingi huichakata picha kabla ya kuionyesha. Zinalainisha mwendo, zinanoa kingo, na kila hatua inaongeza ucheleweshaji. Ingia kwenye mipangilio ya televisheni uwashe hali ya gemu (Game Mode). Ukisahau hilo utaishitaki gemu kwa kosa la skrini, na wasomaji wanaojua watakugundua aya ya pili tu.

Mikono kwanza

Jambo la kwanza la kupima ni muda unaopita kati ya kidole kubonyeza na kitu kutokea. Huhitaji maabara. Isimamishe simu mahali inapoona kidole chako na skrini kwa pamoja, rekodi kwa mwendo wa polepole wa fremu 240 kwa sekunde (fremu ni picha mojamoja zinazounda mwendo), kisha bonyeza kitufe cha kuruka mara 10 ukipumzika kidogo kati ya mara na mara. Pitia video fremu mojamoja. Anza kuhesabu kitufe kinapofika chini, acha mhusika anapoanza kusogea. Kila fremu ni takriban milisekunde 4.2, kwa hiyo fremu 12 ni milisekunde 50 na fremu 24 ni 100. Chukua wastani wa zote 10, kwa sababu kubonyeza kunaweza kuangukia mwanzoni au mwishoni mwa mzunguko wa skrini, na kipimo kimoja kikakudanganya.

Namba hiyo haina maana bila kujua aina ya gemu. Gemu ya kurukaruka au ya mapigano ikikaribia 150 itaonekana nzito hata kwa mtu asiyejua kueleza kwa nini. Gemu ya mikakati ya kuchezwa kwa zamu inaweza kuwa na namba hiyohiyo na asiwepo anayejali.

Hapa ndipo wengi wanapokosea hukumu, maana kuna uchelewaji wa aina mbili. Uko wa kiufundi, na uko wa makusudi, ambapo mtengenezaji ameamua mhusika akunje goti, avute pumzi, ndipo aruke. Red Dead Redemption 2 ya 2018 inajulikana kwa uzito wa namna hiyo ya pili. Kuzitofautisha ni rahisi. Zungusha kamera tu, na upitie menyu tu. Kama kamera na menyu vinaitika upesi lakini mwili wa mhusika ni mzito, huo ni uamuzi wa kisanaa. Ujadili kama uamuzi, useme kama unaifaa gemu au la. Kama vyote vinasuasua, hadi menyu, hiyo ni hitilafu, na uiite kwa jina lake.

Baada ya hapo jaribu huruma ya gemu. Kimbia hadi ukingo wa jabali ubonyeze kuruka ukiwa umechelewa kidogo sana, mguu umeshauacha ukingo. Gemu nzuri za kuruka hukukubalia kwa sehemu ndogo ya sekunde. Celeste ya 2018 inafanya hivyo, na ndiyo maana ugumu wake hauonekani kuwa uonevu. Fanya pia kinyume chake: bonyeza kuruka kabla hujatua. Gemu ikiikumbuka amri yako na kuitekeleza mara mguu unapogusa chini, kuna mtu aliyekaa akafikiria vidole vya watu. Ukikuta huruma hizo hazipo kwenye gemu inayojitangaza kuwa "ngumu lakini ya haki", andika kwamba haki hiyo haipo.

Fremu, na mahali mkwamo unapotoka

Tangazo la fremu 60 kwa sekunde halikuambii mengi. Kwenye fremu 60 kila moja ina milisekunde 16.7, kwenye 30 ina 33.3, kwenye 120 ina 8.3. Kinachoumiza jicho ni fremu moja iliyochelewa katikati ya nyingi zilizowahi. Fremu 59 zikifika kwa wakati na moja ikachukua milisekunde 120, wastani bado utasomeka vizuri, lakini wewe uliona picha imeruka. Kwenye kompyuta tumia programu inayochora muda wa kila fremu na kuonyesha asilimia 1 ya chini kabisa. Kwenye konsoli, yaani mashine za gemu kama PlayStation, huna chombo hicho. Tumia jicho na njia hii:

Ukikuta mahali panakwama, parudie mara tatu bila kuizima gemu. Panapokwama mara ya kwanza tu, kisha pakawa laini, sababu kubwa inayoshukiwa ni sheda, yaani programu ndogondogo zinazoielekeza kadi ya michoro jinsi ya kupaka mwanga na rangi, ambazo gemu ilizichelewesha kuziandaa hadi ulipozihitaji. Panapokwama kila mara ukivuka mstari uleule, gemu inapakia eneo jipya na inashindwa kwenda sambamba nawe. Panapokwama kila watu au maadui wanapojaa, tazama kichakataji (CPU), ubongo wa mashine. Kwenye kompyuta thibitisha kwa kushusha idadi ya nukta za picha (resolution) hadi chini kabisa: fremu zikipanda, mzigo ulikuwa kwenye kadi ya michoro, zikibaki palepale, mzigo uko kwenye kichakataji, na msomaji mwenye kadi ghali hataokolewa na kadi yake. Sentensi hiyo moja ina thamani kuliko aya tatu za kusifia machweo.

Na usiogope kusema kwamba fremu 30 imara ni bora kuliko 60 zinazoyumba kati ya 35 na 55. Skrini zinazobadili kasi yake kuifuata gemu hupunguza adha hiyo, lakini wasomaji wengi hawana skrini hizo.

Kinachojirudia

Hapa ndipo gemu inapohukumiwa hasa. Trela hukuonyesha vitu vinavyotokea mara moja, ilhali wewe utaishi na vile vinavyotokea mara elfu. Chukua saa ya kawaida ya mchezo, isiwe ya kwanza wala ya mwisho, uweke saa ya kuhesabia karibu. Gawa dakika 30 katika mafungu: kupigana au kutatua fumbo, kutembea kutoka kituo hadi kituo, kupanga vitu kwenye menyu, na kutazama vipande vya filamu. Ukiona dakika 12 zimeishia kwenye kutembea mahali ambapo hakuna uamuzi wowote wa kufanya, umeipata sababu ya uchovu ulioshindwa kuueleza. Kutembea si kosa peke yake. Kunakuwa kosa pale njia isipokutaka chochote: hakuna cha kuamua, cha kugundua wala cha kuogopa.

Kisha ufe kwa makusudi. Pima tangu mhusika anapoanguka hadi unapomiliki tena mikono yake. Sekunde 3 zinamfanya mtu ajaribu tena bila kufikiri. Sekunde 40, pamoja na kutembea tena hadi kwa bosi, yaani adui mkubwa wa hatua hiyo, na kusikiliza hotuba yake upya, zinamfanya azime. Kila unapokufa bila kukusudia, jiulize kama unaweza kutaja sababu kwa sentensi moja: "niliruka mapema", "sikuona mshale kwa sababu kamera ilikuwa ukutani". Sababu za aina ya kwanza zikiwa nyingi, gemu ni ngumu. Za aina ya pili zikiwa nyingi, gemu ni mbovu. Hii ni mipaka ambayo mashabiki wa pande zote mbili hawataki kuiona. Mmoja anaita kila kifo uonevu, mwingine anaita kila uonevu changamoto.

Zima gemu ghafla katikati ya misheni uone umepoteza dakika ngapi. Angalia kama maandishi ya chini yanaweza kukuzwa, kama vitufe vinaweza kubadilishwa vyote au baadhi tu, kama kitufe cha kushikilia kinaweza kuwa cha kubonyeza mara moja. The Last of Us Part II ya 2020 ilikuja na mipangilio zaidi ya 60 ya kuwasaidia wachezaji wenye ulemavu wa kuona, kusikia na kusogeza viungo, kwa hiyo kampuni kubwa haina tena udhuru wa kutoa maandishi ya ukubwa wa sisimizi.

Kuhusu vitu vinavyouzwa ndani ya gemu, mimi sina subira. Tazama mambo matatu. Kwanza, sarafu za gemu: zikiuzwa kwa mafungu yasiyolingana na bei ya vitu, yaani fungu la 500 na kitu cha 700, ni makusudi ubaki na chenji isiyotumika. Pili, kasi: cheza hadi uone mahali maendeleo yanapopungua ghafla, kisha fungua duka la gemu uone kama linauza dawa ya tatizo lilelile. Tatu, bahati nasibu, yaani masanduku unayoyalipia bila kujua yana nini ndani. Star Wars Battlefront II ya 2017 ililazimika kusimamisha mauzo ya ndani saa chache kabla ya kutoka rasmi, baada ya wachezaji kuasi, na Aprili 2018 tume ya michezo ya kubahatisha ya Ubelgiji ikatamka kwamba masanduku ya bahati ndani ya gemu kadhaa yanavunja sheria za kamari za nchi hiyo. Angalizo: maduka mengine ya ndani hufunguliwa siku au wiki kadhaa baada ya uhakiki kuchapishwa. Andika wazi kwamba ulipocheza duka lilikuwa halijafunguliwa.

Gemu ya mtandaoni usiihukumu kwenye seva tupu za kabla ya mauzo. SimCity ya Machi 2013 ilitaka intaneti muda wote, na umati ulipoingia seva zikaelemewa. Hali ya kucheza bila intaneti ilikuja mwaka 2014. Ingia kwa nyakati tatu tofauti za siku, andika dakika za kusubiri mechi, na utoe hukumu baada ya wiki.

Sasa filamu

Pedi iweke chini, na hasa kichwani mwako.

Swali la "imefuata gemu?" lina jibu la ndiyo au hapana, na majibu yote mawili hayasaidii. Swali lenye faida ni hili: kilichokuwa kazi ya mikono yangu kimebadilishwa kuwa nini? Katika gemu, unampenda mhusika kwa sababu umemhangaikia. Umemwokoa mara 50 na umekufa naye mara 49. Filamu haina mtaji huo. Lazima ikupe sababu nyingine ya kumjali, tena ndani ya dakika chache. Pima kwa saa: filamu imefika dakika ya ngapi ndipo ukaweza kusema mhusika mkuu anataka nini na atapoteza nini akishindwa? Ikipita dakika 20 huna jibu, waandishi wanategemea upendo ulioununua mahali pengine. Njia ya hakika zaidi ni kukaa na mtu ambaye hajawahi kuicheza gemu hiyo, na mkitoka umwombe asimulie hadithi. Usimsaidie. Mahali anapogugumia ndipo filamu ilipotegea.

Wengine hudhani jibu ni kuiga macho ya mchezaji. Filamu ya Doom ya 2005 ina kipande cha takriban dakika 5 kinachopigwa kwa jicho la mpiganaji mwenyewe, bunduki mbele, kama ndani ya gemu. Kwenye gemu jicho hilo lina mkono wako nyuma yake. Kwenye kiti cha sinema unatazama mtu mwingine akicheza, na zamu yako haifiki.

Kosa la pili ni kubeba alama na kuacha maana yake. Katika gemu ya Silent Hill 2 ya 2001, Pyramid Head, lile jitu lenye kichwa cha chuma, si zimwi la mtaani. Limetokana na hatia ya mtu mmoja, James Sunderland, kuhusu kifo cha mke wake, na lipo kwa ajili yake. Filamu ya Silent Hill ya 2006 inamfuata mama anayemtafuta binti yake, na jitu limo vilevile, kubwa, la kutisha, limetengenezwa kwa ustadi kabisa. Ila James hayumo. Kwa mtazamaji mgeni ni zimwi zuri. Kwa anayejua ni nguo ya mtu mmoja aliyovalishwa mwingine. Kila ukiona kitu cha gemu kwenye filamu, kiondoe kichwani: tukio bado linasimama? Likisimama, kilikuwa pambo, na pambo halina dhambi. Likianguka, na hakuna ndani ya filamu kilichomwandaa mtazamaji, umepata udhaifu wa kuandika.

Mfano wa kazi iliyofanywa sawasawa ni kipindi cha 3 cha tamthilia ya televisheni ya The Last of Us, kilichorushwa Januari 2023. Ndani ya gemu, Joel, mhusika mkuu, anamsindikiza msichana Ellie, na sehemu ya Bill, mtu aliyejitenga anayewasaidia, ni mitego, mapigano na kutafuta gari. Mwenzake Frank unamkuta amekwisha kufa, ameacha barua chungu. Tamthilia ikageuza: ikaonyesha miaka ya maisha ya wawili hao pamoja, na Bill na Ellie hata hawakutani. Kwa kipimo cha "imefuata" hapo pamefelishwa vibaya. Lakini angalia kazi ya sehemu hiyo katika hadithi nzima. Katika gemu Bill ni onyo kwa Joel: hivi ndivyo mtu anavyokuwa akikataa kumjali yeyote. Katika tamthilia ni onyo lilelile likitokea upande wa pili, mtu aliyepata wa kumlinda, na barua inamfikia Joel ikimwambia hivyo. Gari linapatikana vilevile. Kazi imebaki, umbo limebadilika. Mapigano yamepungua kwa sababu adui wa 30 katika gemu ni zoezi la mikono, na kwenye skrini ni maiti ya 30 isiyomshtua yeyote.

Tamthilia ya Fallout ya 2024 ilipita njia nyingine kabisa: ikachukua dunia, ikaiacha hadithi ya gemu zote, na kuanza yake katika mwaka 2296. Njia hiyo inapunguza ugomvi wa mashabiki kuhusu nani kafanana na nani, lakini ina mtihani wake. Uliza kama sheria za dunia ile zinawabana wahusika wapya, au ni mandhari tu ya kupigia picha.

Yaliyobaki ni ufundi wa filamu yoyote. Chagua pambano moja, hesabu mikato, yaani mara picha inapohamia pembe nyingine, ndani ya sekunde 30, kisha jaribu kuchora kwenye karatasi nani alisimama wapi. Mikato mingi si kosa kama mchoro unatoka. Tega sikio kwa sentensi muhimu zinazosemwa na mhusika aliyegeuza mgongo, na jicho kwa nywele zinazobadilika urefu ndani ya tukio moja. Mara nyingi hizo ni dalili za matukio yaliyopigwa upya baadaye kuziba mashimo ya hadithi. Msimulizi anayeeleza historia ya ulimwengu mzima dakika 3 za mwanzo ni dalili ya ukoo huohuo. Na usihukumu kwa trela. Trela ya filamu ya Sonic ya Aprili 2019 ilizua kelele, hasa kwa meno ya mhusika yaliyofanana na ya binadamu, hadi sura yake ikachorwa upya na filamu ikasogezwa kutoka Novemba 2019 hadi Februari 2020. Aliyekuwa ameshaandika "filamu mbovu" alikuwa amehakiki meno.

Namba za watu wengine

Kwa kifupi, maana zimeshawapotosha wengi. Rotten Tomatoes, tovuti inayokusanya hakiki, haikuambii filamu ni nzuri kiasi gani. Inakuambia ni sehemu gani ya wahakiki walioipitisha. Filamu ambayo kila mhakiki ameipa 6 kati ya 10 inaweza kupata asilimia 100, na ambayo nusu wameiita kazi ya karne na nusu wameichukia itapata 50. Alama ya Metacritic, tovuti nyingine ya namna hiyo, ni wastani, tena wenye uzito: vyombo vingine vinahesabika kuliko vingine. Kwenye Steam soma mgawanyo wa siku 30 za karibuni kando ya ule wa jumla. Vikitofautiana sana, kuna kiraka, yaani sasisho la gemu, kilichoharibu au kutengeneza kitu, au kuna ugomvi usiohusu gemu. Fungua hakiki 10 za hasi na utazame saa walizocheza kabla ya kuzisadiki.

Mapato nayo ni ushahidi wa jambo jingine. Filamu ya Warcraft ya 2016 iliingiza takriban dola milioni 439 duniani, ambapo zaidi ya nusu ilitoka China na milioni 47 tu Marekani. The Super Mario Bros. Movie ya 2023 ilivuka dola bilioni 1.3 huku wahakiki wakigawanyika karibu nusu kwa nusu na watazamaji wakiisherehekea. Hakuna aliyedanganya hapo. Watazamaji walisema kama walifurahi. Wahakiki walisema kama imejengwa vizuri. Wewe amua unajibu swali lipi, na uliseme katika aya ya kwanza, kabla hujataja jina la mhusika hata mmoja.

Ukiandika, siri za hadithi zilizo baada ya theluthi ya kwanza ziache, au weka onyo juu yake. Taja kama ulitazama filamu yenye sauti za asili au zilizotafsiriwa, maana sauti iliyobadilishwa hubadilisha uigizaji. Taja kama nakala ya gemu ulipewa au ulinunua. Na gemu ikipata kiraka kikubwa baadaye, usiyafute maneno ya zamani: ongeza chini yake tarehe, namba ya toleo jipya, na matokeo ya vipimo vilevile, fremu kwa fremu.